Mada ya Afya Yenye Utata: Mwanafunzi Achague Ipi?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la darasani tu, lisilomhusu mkulima wala mama lishe. Baadhi ya vijana wetu walioko vyuo vikuu wanasoma somo liitwalo fikra tunduizi, yaani namna ya kuipima hoja kabla ya kuikubali au kuikataa. Katika somo hilo hupewa kazi ya kuandika: mwanafunzi achague mada ya afya ambayo watu wanabishana juu yake, aeleze pande zote, apime ushahidi, kisha atoe uamuzi wake na kuutetea. Vijana hao wakija likizo hupita parokiani, na swali lao huwa moja: Baba, nichague mada gani?

Tumeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kutufanya tuwe na msimamo juu yake, na leo tunauweka wazi. Mwanafunzi Mkatoliki asichague mada ambayo jibu lake tayari analo mfukoni. Achague ile ambayo akiichunguza kwa haki yaweza kumgharimu kitu.

Tunajua msimamo huu utawashangaza baadhi yenu. Wengi wanaotujia huwa wamekwisha kuchagua utoaji mimba, au kondomu, au kuwaharakishia kifo wagonjwa mahututi. Ni mada nzito, na Kanisa lina neno la kusema juu ya kila moja. Lakini ukizitazama vizuri utaona kwamba kiini cha ubishi wake si matokeo ya maabara, bali ni thamani ya uhai wa binadamu na maana ya tendo la ndoa. Kijana aliyelelewa katika katekisimu huandika kurasa sita za yale aliyofundishwa kabla ya kipaimara, huweka takwimu mbili tatu kama mapambo, na kumaliza palepale alipoanzia. Mwenzake asiye na dini hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Hakuna aliyefikiri, wote wawili wamekariri. Imani yetu haihitaji utetezi wa namna hiyo, na mhadhiri akitoa alama ndogo tusikimbilie kusema kwamba analichukia Kanisa.

Ni kweli kwamba ndani ya mada hizo yamo maswali madogo yanayoweza kupimwa. Mathalani, je, sheria kali hupunguza idadi ya mimba zinazotolewa, au huzihamishia vichochoroni? Hilo ni swali la ushahidi, na Mkatoliki anaweza kuliuliza bila kuyumbisha msimamo wake juu ya ubaya wa tendo lenyewe. Lakini kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni vigumu sana kuyatenganisha mambo hayo mawili, na mara nyingi kazi huishia kuwa mahubiri. Mahubiri tuachieni sisi.

Wengine hukimbilia Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliwapokea katika kijiji cha Samunge maelfu kwa maelfu ya watu waliokuja kunywa kikombe kimoja cha dawa ya miti shamba kwa shilingi 500, wakiamini kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Wapo wagonjwa waliofia njiani wakisubiri zamu yao, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi. Masapila alifariki mwaka 2021. Mada hii ina funzo la kutosha, ila imekwisha kupoa. Hakuna tena anayetoka jasho akibishana juu ya kikombe. Na tuseme ukweli, kwa kijana wetu ni rahisi mno kuchambua kosa la mchungaji wa dhehebu jingine, huku akisahau kuwataja Wakatoliki waliokuwa katika foleni ileile.

Kisha kuna korona, na hapa mada inaanza kuwa na uzito. Mwezi Mei 2020 Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na jibu kwamba zina virusi. Wengi walicheka, na wengi walishangilia. Sisi tunadhani mwanafunzi makini hatacheka wala hatashangilia haraka. Kukipima kitu ambacho unajua hakina ugonjwa ni sehemu halali ya kazi ya maabara yoyote. Bila hivyo huwezi kujua kama kipimo chako kinasema kweli. Swali la haki si kwa nini papai lilipimwa. Swali ni: sampuli zilichukuliwaje na kuhifadhiwaje, kipimo kilirudiwa mara ngapi, na kumbukumbu zake ziko wapi ili mtu mwingine azikague? Mkishike kipengele hiki cha papai, maana tutakirudia.

Kufikia wakati huo nchi ilikuwa imeacha kutoa takwimu. Idadi ya mwisho iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini kuwatahadharisha juu ya wimbi jipya la ugonjwa, na mwezi Machi Katibu wake, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Hiyo haikuwa takwimu ya maabara. Ilikuwa hesabu ya mazishi, na mazishi ni ushahidi ambao hauhitaji mashine.

Je, basi achague korona? Anaweza. Lakini hata hapa Mkatoliki anatembea kwenye njia laini, kwa sababu maaskofu wake walisimama upande wa tahadhari na matukio yakawaunga mkono. Atamaliza kazi yake akiwa kichwa juu. Ndiyo maana sisi humpeleka hatua moja zaidi, ng'ambo ya mpaka, kwenye suala ambalo maaskofu walisimama upande mwingine: chanjo ya pepopunda nchini Kenya, mwaka 2014.

Tulieleze suala lenyewe kwa kirefu kidogo, kwa maana habari zake zimefika hadi kwenye jumuiya zetu ndogondogo zikiwa zimekatwa mkia na kichwa.

Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama kwa miaka mingi. Haiwezi kufutwa duniani kama ndui ilivyofutwa. Kitovu cha mtoto mchanga kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa samadi kama ilivyo desturi mahali pengine, sumu ya bakteria hao humkaza misuli. Katika siku chache hawezi kunyonya, na bila matibabu makubwa hufa. Mama akiwa amechanjwa, kingamwili zake hupitia kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika majuma yake ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, kuendesha kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49 katika wilaya zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa.

Maaskofu Katoliki wa Kenya waliuliza maswali. Mbona wanawake tu, na wa umri wa kuzaa tu? Mbona si wanaume, ambao nao hukanyaga misumari? Mbona sindano nyingi namna hii? Mbona wilaya hizi na si zile? Mwezi Novemba 2014 wakaenda mbali zaidi, wakatangaza kwamba vichupa vya chanjo hiyo vimepimwa na kukutwa na homoni ya mimba, hCG, na kwamba kampeni hiyo ni mpango wa siri wa kufunga vizazi vya wanawake. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikana.

Mwanafunzi mvivu huchukua mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba maaskofu hawawezi kukosea, na kazi ikaisha. Ya pili ni kusema kwamba huu ni upuuzi wa watu wa dini, na kazi ikaisha vilevile. Mwanafunzi mwenye bidii atagundua kwanza jambo ambalo litamtia wasiwasi: tuhuma ile haikuzuka hewani. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi walikuwa wakitafiti chanjo ya kuzuia mimba, na utafiti huo uliungwa mkono na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Kwa kuwa mwili wa mwanamke hauichukulii homoni yake mwenyewe kama adui, watafiti waliiunganisha na kitu ambacho mwili unakitambua kuwa adui, na mojawapo ya vitu hivyo ilikuwa sumu ya pepopunda iliyokwisha kuvunjwa makali. Nchini India, Profesa G. P. Talwar na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake 148. Haya yote yamo katika majarida ya kisayansi. Anayemwambia mama wa kijijini kwamba kitu kama hicho hakijawahi kuwapo duniani anamdanganya, na siku mama huyo akiugundua udanganyifu huo hatamwamini tena hata akimwambia maji huchemka.

Lakini kuwapo kwa kisu jikoni si ushahidi wa mauaji. Kutoka "kitu hiki kiliwahi kutengenezwa mahali fulani" hadi "kitu hiki kimo ndani ya kichupa hiki" kuna mwendo mrefu, na mwendo huo hutembewa kwa vipimo. Hapa ndipo lile papai linaporudi. Vipimo vya kwanza vilifanywa katika maabara za hospitali, kwa mashine zilizotengenezwa ili kutafuta homoni ya mimba katika damu na mkojo wa binadamu. Chanjo si damu wala mkojo. Ndani yake mna chumvi ya aluminiamu na kemikali za kuihifadhi, ambazo zaweza kuichanganya mashine ikatoa namba isiyo na maana. Dawa ya wasiwasi huo ni nyepesi: ungeiwekea mashine ileile chanjo nyingine isiyotiliwa shaka, na maji safi, na kichupa kilichotiwa homoni kwa makusudi, kisha ukalinganisha majibu. Yaani ungempelekea papai. Inachekesha kidogo kwamba mwaka 2020 tulishuhudia papai lililokosa kumbukumbu za maabara, na mwaka 2014 kumbukumbu za maabara zilizokosa papai.

Baadaye iliundwa kamati ya pamoja ya wataalamu wa Serikali na wa Kanisa, na vichupa vingi vikapimwa kwa njia bora zaidi. Vichupa 3 vilionyesha homoni hiyo, na vyote vilitoka katika fungu lililoletwa na upande wa Kanisa. Vile vilivyochukuliwa moja kwa moja katika maghala havikuonyesha kitu. Kila upande ukatafsiri matokeo hayo kwa faida yake. Hawa wakasema vichupa vilichezewa au vilichafuliwa njiani. Wale wakasema vya kampeni ya kwanza vilikwisha kuondolewa ghalani. Tunamshauri mwanafunzi akae hapo kwa muda. Anaweza kuyafanyia kazi maneno kama "mnyororo wa utunzaji", yaani nani alikishika kichupa, lini, kwenye jokofu gani, kabla hakijafika mezani kwa mpimaji. Ni somo kavu, lakini kesi nyingi mahakamani husimama au kuanguka kwa sababu yake.

Yako pia maswali ya maaskofu ambayo yana majibu ya kawaida kabisa. Wanawake huchanjwa kwa sababu kinga inayotafutwa ni ya mtoto mchanga, na njia yake ni mama. Sindano ni nyingi kwa sababu mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa dhidi ya pepopunda hupangiwa dozi tano kwa kufuatana ili kinga yake idumu, na ratiba hiyo ilikuwa ikitumika kabla ya ubishi wa Kenya. Majibu haya yangetolewa mapema, kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, kwa utulivu, labda tusingefika Novemba. Katika hilo Serikali na mashirika yake hawana pa kujificha. Kumwambia mtu "ni salama" bila kumwambia kwa nini ni kumwita mtoto.

Kuna tego moja zaidi ambalo tunalipenda sana, maana humnasa hata mwerevu. Mtu atasema: tazameni, nchini Kenya wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 3.9 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014, na ulikuwa umeshuka hadi 3.4 katika utafiti wa mwaka 2022. Je, hiyo si chanjo? Mwanafunzi arudi nyuma. Mwaka 2008 na 2009 wastani ulikuwa 4.6, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa karibu 8. Mteremko ulianza muda mrefu kabla ya kampeni. Tena mwaka 2014 zaidi ya nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Mafundisho ya Kanisa juu ya njia hizo mnayajua. Hapa tunafanya hesabu tu, na hesabu inasema kwamba mteremko una maelezo yanayojulikana, yasiyohitaji njama. Anayetaka kuilaumu chanjo aonyeshe kwamba wanawake waliochanjwa wamezaa wachache kuliko majirani zao wasiochanjwa. Onyesho hilo halijatolewa.

Wala hofu hii haikuanza Kenya. Nchini Kamerun, mwaka 1990, wasichana wa shule walikimbia chanjo ya pepopunda kwa uvumi kwamba inawafanya tasa. Katika miaka iliyofuata tuhuma ya homoni ikazuka Mexico na Ufilipino. Tuhuma inayohama nchi hadi nchi ikiwa na umbo lilelile yaweza kuwa na maana mbili: ama kuna mkono mmoja uleule nyuma ya chanjo, au kuna simulizi moja ileile inayosafiri. Mwanafunzi aseme ni ushahidi gani ungemwezesha kuzitofautisha.

Uamuzi wetu sisi, kwa kuwa tumeahidi kutoficha msimamo, ni kwamba tuhuma ile haikuthibitishwa. Maswali yalikuwa halali. Hitimisho lilitangulia ushahidi. Wapo watakaoudhika kumsikia padre akiyasema hayo. Tunawaomba watofautishe. Askofu anapofundisha imani na maadili tunamsikiliza kwa utii wa dini. Kama kichupa kina homoni au hakina si fundisho la imani; ni jambo la kupimwa, na mitra haiongezi wala haipunguzi namba katika mashine. Kanisa lenyewe hutenganisha mambo haya. Mwezi Desemba 2020, Kongregesheni ya Mafundisho ya Imani ilipotoa tamko juu ya chanjo za korona zilizotumia seli zenye asili ya mimba zilizotolewa, ilishughulikia swali la maadili: ni halali kuzitumia pale zisizo na doa zinapokosekana, na kwa kanuni chanjo iwe ya hiari. Juu ya usalama na nguvu ya chanjo hizo ilisema waziwazi kwamba haikusudii kutoa hukumu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wataalamu.

Sasa tuwaambie kwa nini tunalishikilia suala hili. Binti mmoja wa parokia yetu, aliyeko chuo kikuu, alitujia akiwa amechagua Loliondo. Tukamuuliza nyumbani kwao wanabishana juu ya nini. Akasita, kisha akasema kwamba mdogo wake, mwenye umri wa miaka 12, ameletewa taarifa kutoka shuleni ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na mama amekataa. Mama huyo ni kiongozi wa WAWATA, mtu wa sala, aliyewalea watoto wake kwa jembe na kwa biashara ya maandazi. Sababu yake ni moja: maaskofu wa Kenya walisema sindano za wasichana zinafunga kizazi. Tukamwambia binti kwamba mada yake ndiyo hiyo. Akajibu, "Baba, nikiiandika hiyo nitagombana na mama." Tukamwambia ndiyo sababu.

Angalieni kilichoko mezani. Chanjo hiyo si ya pepopunda. Ni nyingine kabisa, ya kuzuia virusi vya papiloma, na hapa Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kisha mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuwaua wanawake wetu miongoni mwa saratani zote. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni moja na nusu, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipata saratani hiyo kwa kiwango pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Mama wa binti huyu ameikataa chanjo ya mwaka 2024 kwa tuhuma ya mwaka 2014 dhidi ya dawa nyingine. Pengo hilo la mantiki ndilo mwanafunzi anapaswa kulionyesha, kwa upole, hatua kwa hatua.

Wazazi wengine wana sababu tofauti: wanahofu kwamba kumchanja binti dhidi ya ugonjwa uambukizwao kwa kujamiiana ni kumfungulia mlango. Tunaiheshimu hofu hiyo. Lakini sisi tunaofungisha ndoa tunajua jambo moja: binti aweza kufika altareni akiwa bikira, na virusi akavipata kwa mume wake. Usafi wake wa moyo hauwezi kuyafuta ya nyuma ya mwanamume.

Tulimpa binti sharti moja kabla hajaanza kuandika. Aieleze hoja ya mama yake vizuri kiasi kwamba mama mwenyewe akiisoma aseme, naam, ndivyo ninavyosema. Mtakatifu Toma wa Akwino aliandika hivyo. Katika Summa Theologiae kila sehemu huanza na pingamizi za wale asiokubaliana nao, na mara nyingine pingamizi hizo zina nguvu kiasi cha kumtia msomaji hofu kama atazijibu. Hakumvisha mpinzani wake nguo za kichekesho. Kwa mama huyu maana yake ni kukumbuka kwamba wasiwasi wake una historia. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi takribani 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe tu. Na mwezi uleule wa Novemba 2014, wakati Nairobi wanabishana juu ya vichupa, Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba wanawake wenye virusi vya UKIMWI walifungwa vizazi katika hospitali za umma bila ridhaa yao ya kweli. Anayesema kwamba mambo haya hayatokei kamwe hajui anachokisema. Kazi ya mwanafunzi ni kueleza Namibia ilijulikanaje: kwa wanawake waliojitokeza wenye majina na makovu, kwa mafaili ya hospitali, kwa majaji waliosikiliza pande mbili. Kisha aulize kama Kenya kuna kitu kinacholingana na hicho.

Kwa ndugu zetu wahadhiri tuna ombi. Msipime kazi hizi kwa kuangalia kama mwanafunzi amefika mnakotaka. Kijana akihitimisha kwamba vile vichupa 3 bado vinamsumbua, na akaonyesha barabara aliyopita, mpeni haki yake. Akiihitimisha kwamba chanjo ni salama kwa sababu tu "wataalamu wamesema", mkateni alama, hata kama amesema kweli. Nanyi wazazi, msipokee kila swali la kijana wenu kama utovu wa adabu. Waberoya walimsikiliza Mtume Paulo, tena wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo yalivyo, na wakasifiwa.

Binti huyo anaandika kwa Kiingereza, kama chuo kinavyotaka. Tumemwomba atengeneze nakala fupi ya Kiswahili, na muuguzi wa zahanati yetu ameahidi kuipitia kwanza ili asahihishe mambo ya kitabibu. Ikiwa tayari itasomwa katika jumuiya yao baada ya sala. Mama yake amekubali kuwapo, kwa sharti kwamba naye apewe muda wa kujibu, na asikatizwe.